Breki Hazikatai

Kuna methali moja ambayo ningeomba tuipumzishe kwa muda: ajali haina kinga. Mei 2025, wiki ile tuliyompoteza Rajiv Ruparelia, niliisikia mara nyingi hadi nikaanza kuhesabu. Niliisikia gerejini, niliisikia kwenye steji ya bodaboda, niliisikia ikitoka kwenye spika za kanisa la jirani, na nikaisikia darasani pia, kutoka kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, watu ambao kazi yao ni kupima maneno. Kila aliyeisema alikuwa na huzuni ya kweli. Sina ugomvi na huzuni hiyo, maana hata mimi nilikuwa nayo. Ugomvi wangu ni na kazi tunayoifanyisha methali hii. Inafunga mjadala kabla haujaanza. Watu wanatikisa vichwa, wanapiga kimya kidogo, kisha wanarudi kwenye chai yao.

Kwa wale wasiofuatilia mbio za magari, nieleze kwa ufupi. Rajiv alikuwa na umri wa miaka 35, mtoto wa tajiri Sudhir Ruparelia na mkurugenzi mtendaji wa kampuni za familia yake. Wafanyabiashara walimjua kwa hoteli na majengo. Sisi mashabiki tulimjua kwa Volkswagen Polo yake ya mashindano. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 3 Mei 2025, alikuwa katika gari lake la kutembelea, Nissan GT-R, kwenye tawi la Munyonyo la barabara ya mwendokasi ya Entebbe. Pale Busabala palikuwa na ujenzi wa daraja la juu. Polisi walisema gari liligonga vizuizi vya zege vilivyokuwa barabarani, likapinduka, likashika moto. Ameacha mke na binti mdogo.

Sasa mtazame tulivyomwomboleza huku Bwaise. Hapa kwetu hakuna mwenye gari la mbio. Tuna mafundi. Kijana wa Bwaise anajua kufungua injini ya Subaru kabla hajapata leseni ya kuendesha hiyo Subaru, na siku za mashindano tunajazana kwenye takisi, wengine watatu kwenye bodaboda moja, kwenda Busiika, Mityana, hata Mbarara, kusimama vumbini tangu alfajiri ili tuone gari likipita kwa sekunde nne. Kwa hiyo msiba ulipotokea tulihisi umeingia nyumbani. Picha zake zikabandikwa kwenye matangi ya pikipiki. Jioni vijana walikusanya magari mawili matatu ya wateja, yaliyokuwa yamekuja kutengenezwa, wakayanguruma palepale uani hadi moshi ukatanda, kama salamu ya mwisho. Nami nilisimama hapo. Mzee mmoja fundi akasema, "Kafa kiume, usukani mkononi." Mwingine akaongeza kwamba amekufa akifanya alichokipenda.

Hapana. Hakufia mashindanoni. Jambo hili dogo lilipotea katika moshi ule, na mimi naliona ndilo jambo lenyewe. Dereva wetu aliyefia mashindanoni ni Riyaz Kurji, katika Pearl of Africa Rally ya mwaka 2009, na mpaka leo ukilitaja jina lake mbele ya mafundi wakongwe wanashusha sauti. Rajiv alikufa kwenye barabara ya umma, ambayo mimi na wewe tunaipita tukiwa ndani ya takisi, tumebanwa wanne kwenye kiti cha watatu. Kusema amekufa akifanya alichokipenda ni kumpa heshima isiyo yake na kuinyima barabara lawama iliyo yake.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna la kujibu hapa. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, saa ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Wazee wa Kiswahili walilitumia kwa maana hiyo hiyo: ajali yake imefika, na ajali haikimbiliki. Hawakuwa wakizungumzia lori lisilo na taa. Walikuwa wakizungumzia kifo chenyewe, ambacho kweli hakina kinga. Baadaye tukalichukua neno lilelile tukaliita kila mgongano wa barabarani, na ile harufu ya majaaliwa ikabaki imeshikana nalo. Leo mhandisi akisahau taa na mtu akafa, tunasema ajali, na ndani ya neno hilo mhandisi anakuwa ameshasamehewa. Waganda wenzangu wanaosema akabenje hawana mzigo huo wa asili ya neno, lakini wakihamia Kiswahili wanaupokea mzima mzima.

Na si neno moja tu. Sikilizeni taarifa za habari. Breki zilikataa. Gari lilimshinda. Gari liliacha njia. Barabara imemeza watu saba. Hebu tuulizane kama wanasarufi: nani mtenda katika sentensi hizi? Breki zina nia? Breki hazikatai. Breki zinaisha, na zinaisha kwa sababu kuna mtu alipaswa kuzibadilisha akanunua zilizotumika, na mwingine alipaswa kulikagua gari akapokea noti ya elfu ishirini. Barabara haina mdomo wa kumeza mtu. Ina shimo, na shimo lina tarehe lilipochimbwa, lina aliyelichimba, lina aliyelipwa kulifukia. Tumeijenga Kiswahili cha habari namna ambayo kila kitu kinaweza kutenda isipokuwa binadamu.

Shabiki wa mbio za magari ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuzungumza hivi. Nasema hivyo kwa sababu sisi ndio tunaojua. Gari la mashindano likipinduka, hakuna fundi Bwaise anayesema ajali haina kinga. Usiku kucha watu wanabishana: tairi zilikuwa laini mno kwa murramu ile, kona ilisomwa vibaya, mwelekezi alichelewa kutamka, kifaa cha mbele kilikatika kabla au baada ya kugonga. Tunachambua picha za simu moja moja. Mjadala wetu hauishi hadi apatikane mtu au kitu chenye jina. Kwa nini basi akili hii yote tunaiacha mlangoni tukitoka kwenye mashindano na kuingia Northern Bypass?

Mchezo huu wenyewe umejengwa juu ya imani kwamba kinga ipo. Njia ya mashindano hufungwa kwa watu wengine. Kabla ya siku yenyewe, dereva na mwelekezi wake huipita polepole na kuandika kila kona, kila jiwe, kila mtaro, ili siku ya mbio mmoja asome na mwingine aendeshe. Ndani ya gari kuna fremu ya vyuma inayozuia paa lisibonyee, kuna mikanda inayomshika mtu mabega na kiuno, kuna vizimamoto, na dereva huvaa nguo zisizoshika moto haraka. Gari likikwama njiani, kanuni inawataka walio ndani waweke pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma ya gari, ili anayekuja ajue mapema. Mita 50. Nimetaja takwimu hiyo makusudi. Kwenye Northern Bypass lori likiharibika usiku, onyo lake ni matawi ya mti yaliyotupwa lami, hatua kumi nyuma, nayo kufikia saa sita yameshasagwa na magari.

Nimekulia pembeni mwa Bypass. Barabara hiyo ya kilomita 21, kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilipoanza kupanuliwa nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na utoto wangu wote niliupitisha karibu na marundo ya kifusi, mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu, na vizuizi vya zege vilivyohamahama. Usiku mmoja jirani yetu, mwendesha bodaboda, aliligonga rundo la kifusi ambalo mchana halikuwepo. Hapakuwa na taa wala utepe. Alikaa hospitali siku tatu, akafa. Mkandarasi aliyelimwaga rundo lile hakuja msibani, na sijui kama aliwahi kujua kwamba msiba ulikuwepo. Tulikaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, mvua ikanyesha, maji ya Bwaise yakapanda kama kawaida yake hadi kwenye miguu ya viti, na mzee wa mtaa akasimama kusema neno. Mnajua alisema methali gani.

Miaka baadaye mtoto wa mmoja wa matajiri wakubwa wa Uganda anakutana na zege usiku kwenye ujenzi, upande wa pili wa mji. Gari lake lilikuwa na kila kitu ambacho pikipiki ya jirani yetu haikuwa nacho. Kama barabara haikumhurumia yule, itamhurumia nani wa Bwaise?

Najua majibu yatakayotoka, maana nimeshayasikia yote kwenye kibanda cha rolex nje ya lango letu.

La kwanza ni la wale waliosema siku hiyohiyo: alikuwa na kasi, gari lile ni la kasi, mnataka nini zaidi? Mimi sikuwepo Busabala, na sitaandika aliendesha vipi. Lakini tuseme kwa ajili ya hoja kwamba kila dereva wa GT-R hukimbia. Je, vizuizi vya barabarani huwekwa kwa ajili ya malaika? Alama za onyo huwekwa kwa sababu watu hukosea, huchoka, husinzia, hulewa, hukimbia. Anayejenga barabara kwa dereva mkamilifu hajengi barabara ya nchi hii wala ya nchi yoyote. Na wale wa upande wa pili, wanaolaumu zege peke yake na hawataki neno kasi litajwe mbele ya maiti, nao nawakatalia. Ukipenda mbio kwa kweli unajua kwamba kasi ina mahali pake, na mahali pake ni njia iliyofungwa, iliyosomwa, yenye gari la wagonjwa linalosubiri. Vijana wetu wanaotoka Busiika Jumapili jioni na kuigeuza barabara ya Bombo kuwa mashindano, kati ya wauza nyanya na watoto wanaovuka, hawajifunzi chochote kutoka kwa madereva wanaowashangilia. Kila pande mbili hizi inashika nusu ya ukweli ili isiguswe na nusu nyingine.

Jibu la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa rafiki yangu wa darasani ambaye namheshimu. Alisema: mnamlilia tajiri. Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliouawa barabarani Uganda, na ya mwaka 2024 ikahesabu 5,144. Hiyo ni wastani wa watu 14 kila siku. Wale 13 wengine wa siku ile picha zao ziko wapi kwenye matangi ya pikipiki?

Hesabu yake ni sahihi, lakini sikubaliani na anakotaka kuipeleka. Anataka tulie kidogo zaidi kwa mmoja. Mimi nataka kilio hiki cha mmoja kifanye kazi, kwa sababu kwa mara moja mikrofoni zilifunguliwa, wakubwa walisimama wakazungumza, na nchi nzima ilijua vizuizi vya zege ni nini na vilikuwa wapi. Kifo cha jirani yetu hakikuweza kuifanya wizara ijibu swali. Kifo cha Rajiv kingeweza. Na sisi tuliokuwa na sauti wiki ile tukaitumia kunguruma injini.

Mbona wengine walifanya? Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari liliwavamia watazamaji waliojaa kando ya njia, watatu wakafa na wengi wakajeruhiwa. Madereva wa timu kubwa wakakaa pamoja wakakataa kuendelea na mashindano. Wakati huo walikuwa wakiendesha magari yaliyoitwa ya Kundi B, yenye nguvu kupita kiasi, na mashabiki waliyapenda kuliko magari yoyote yaliyowahi kukimbia. Miezi miwili haikwisha, tarehe 2 Mei 1986, Mfini Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakatumbukia bondeni katika kisiwa cha Corsica, gari lao aina ya Lancia likateketea nao ndani. Wasimamizi wa mchezo hawakusubiri arobaini. Walitangaza kwamba magari ya Kundi B hayatashindana tena msimu wa 1987, na hayakushindana. Mashabiki walilalamika na wengine mpaka leo wanalalamika. Lakini fikirieni uzito wa jambo lenyewe: mchezo uliikata sehemu yake iliyopendwa kuliko zote kwa sababu watu walikufa, na haukufa kwa kufanya hivyo.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Neno la Kiswahili linalojulikana kuliko yote katika mbio za magari duniani ni safari, na mashindano yaliyolibeba yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtu aliyeyatawala kuliko wote alizaliwa hapa Kampala mwaka 1945. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 na kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa ameshahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Mwaka 1987 aliumia vibaya sana katika mashindano ya jangwani Misri, na udereva wake ukaishia hapo. Baadaye aliingia katika tume ya shirikisho la kimataifa inayosimamia mashindano haya, akaiongoza. Huyo ndiye shujaa ninayemtaka kwenye tangi la pikipiki: aliyevunjika mifupa, kisha akaenda kukaa mezani na wanaoandika kanuni.

Kwa hiyo nina madai, na nayaelekeza kwetu kabla ya kuyaelekeza serikalini. Shirikisho la mbio za magari la Uganda lina watu waliofunzwa kuitazama njia na kuona mahali ambapo mtu atafia. Hiyo ndiyo kazi yao kabla ya kila mashindano. Watembee pia kwenye barabara za umma zenye ujenzi, usiku, wapige picha, wachapishe. Wasisubiri kualikwa. Klabu zetu, zinazoweza kuchanga fedha za fulana za kumbukumbu ndani ya siku mbili, zichange pembetatu za kung'aa na kuzigawa kwa madereva wa malori pale kwenye mzunguko wa Bwaise, kila mmoja mbili. Na sote kwa pamoja tuidai Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi itoe hadharani, kwa kila eneo la ujenzi, jina la mhandisi anayewajibika kwa taa na alama baada ya jua kuzama. Jina, si cheo. Cheo hakiendi mahakamani.

Walimu wetu nao nina ombi kwao, ingawa najua mtaala hautungwi katika insha ya mwanafunzi. Tunapofundishwa kuandika habari, tukiandika breki zilikataa, tukosoeni kama mnavyotukosoa tukikosea ngeli. Tuandike nani hakuzibadilisha. Tukiandika gari liliacha njia, andikeni pembeni kwa wino mwekundu: njia ilikuwaje? Mwanzoni itakuwa ngumu, maana mara nyingi hatutajua jibu na itatubidi kupiga simu na kwenda kuona. Na tukishafika pale usiku, tutahitaji tochi.

Vijana wa gereji wameniambia wanapanga kutengeneza stika nyingine mwaka huu, Mei itakaporudi, na wameniomba mimi msomi niwatungie maneno ya kuweka chini ya picha. Nimewaandikia swali: vizuizi vile viliwekwa na nani, na taa zilikuwa wapi? Wanasema ni refu mno kwa stika. Bado tunabishana juu ya ukubwa wa herufi.